Nyota RW Aurigae: imemeza sayari kweli, au ni vumbi tu linatuchezea?

#1 Asiyelala
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa (jina langu mnalijua, msicheke).

Iko nyota inaitwa RW Aurigae, kwenye kundinyota la Hudhi, upande ule ule wa Ayuki. Ni nyota changa, bado iko njiani kuelekea safu kuu, yaani utu uzima wa nyota. Kiini chake hakijaanza kuchoma haidrojeni kama Jua letu. Mwaka 2011 ikafubaa nusu mwaka nzima, kisha ikarudi kama kawaida. Katikati ya 2014 ikafubaa tena, na safari hiyo haikurudi vizuri mpaka Novemba 2016. Haijatulia, Januari 2017 ikafubaa tena! Wataalamu wakaielekezea Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, wakakuta chuma kimezidi mara kumi au zaidi kuliko walivyokiona kabla.

Chuma hakitoki hewani. Chuma kinakaa kwenye viini vya sayari. Kwa hiyo mimi nasema nyota hii imemeza sayari, tena tumeiona mdomo ukitafuna. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na sababu.

Nyongeza: nyota yenyewe ina umri wa miaka bilioni 3 hivi.

#2 Kigoda
Nimeshaketi. Endeleeni.

#3 BintiFalaki
Asiyelala, uzi mzuri ila umechapia pawili.

Kwanza, si bilioni. Ni milioni, tena chache tu. Ingekuwa na bilioni 3 ingeshakuwa mama mzima kwenye safu kuu, na kile kisahani cha gesi na vumbi kinachoizunguka kingeshakwisha zamani. Visahani vya namna hiyo nyota nyingi huvimaliza ndani ya miaka milioni 2 hadi 3, zenye kung'ang'ania sana zinafika 10.

Pili, kile kififio unachokiita cha 2011 kilianza Septemba 2010, 2011 ndipo kilipoishia. Wala si mara ya kwanza kwa nyota hii kubadilika. Ni nyota badilifu, jina lenyewe linasema. Herufi R na W mbele ya jina la kundinyota ni utaratibu wa kuzipa majina nyota za aina hiyo. Kugeuka kwake si habari. Habari ni kwamba zamani vififio vilikuwa adimu na vifupi, sasa vimekuwa vya miezi na miaka.

Kwenye sayari sikubaliani nawe, ila nakuja.

#4 Asiyelala
Kidole kiliteleza dada, ni milioni. Nakusubiri kwenye sayari.

#5 Mvukuto
Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo haya. Kama haijaanza kuchoma haidrojeni, inang'aa kwa nini? Nilivyofundishwa, nyota ni tanuri la nyuklia. Hakuna tanuri, hakuna mwanga. Au hii ni chai?

#6 BintiFalaki
Si chai, Mvukuto. Swali lako ndilo mzizi wa mada yote.

Nyota changa inang'aa kwa kusinyaa. Gesi yake inavutwa ndani na uzito wake yenyewe. Inapojikunja, nguvu iliyokuwemo kwenye ule umbali inageuka joto, nusu inabaki ndani kulipasha tumbo na nusu inatoka nje kama mwanga. Karne ya 19 wanafizikia Helmholtz na Kelvin walidhani Jua nalo linang'aa hivyo hivyo. Walipopiga hesabu wakapata umri wa makumi ya milioni ya miaka tu, wanajiolojia wakawakatalia kwa sababu miamba ilionyesha muda mrefu zaidi. Kwa Jua la leo walikosea. Kwa watoto kama RW Aurigae walikuwa sahihi bila kujua.

Nyota yenye uzito wa Jua inachukua miaka milioni 30 hadi 50 hivi kusinyaa mpaka kiini kifike nyuzi milioni kumi na kitu, haidrojeni ianze kuungana kwa utulivu na kusinyaa kusimame. Hapo ndipo tunasema imefika safu kuu. Njiani inachoma deuteri (haidrojeni nzito) kidogo, joto likifika nyuzi milioni 1, lakini hiyo ni vitafunio, si mlo.

Mwaka 1961 Mjapani Chushiro Hayashi alionyesha kwamba sehemu ya kwanza ya safari hiyo nyota inashuka mwangaza huku joto la uso wake likibaki karibu palepale. Inapungua mwili bila kubadili rangi ya uso.

#7 ShokaButu
Kwa hiyo inang'aa kwa kukonda? Mimi nimekonda mwaka mzima na sing'ai hata kidogo.

#8 Kigoda
ShokaButu, wewe hujaanza hata deuteri.

#9 KijanaWaSpektra
Niongezee kwa BintiFalaki #6: tunajuaje kuwa ni changa, maana hakuna cheti cha kuzaliwa? Njia mojawapo ni lithi, ile metali nyepesi. Lithi inaungua kwenye nyuzi milioni 2.5 hivi, chini kabisa ya joto la haidrojeni. Nyota ndogo za namna hii matumbo yao yanachemka na kujichanganya juu chini, kwa hiyo lithi yote inapelekwa chini jikoni, muda ukipita inakwisha. Ukipasua mwanga wa nyota ukauona mstari wa lithi, ule wa nanomita 670.8, na mstari mnene, basi huyo bado mtoto. RW Aurigae inao.

Kitu kingine ni mistari ya haidrojeni inayong'aa badala ya kuwa na giza. Hiyo inatokana na gesi ya kisahani inayonaswa na uga wa sumaku wa nyota, ikasombwa kama maji kwenye mabomba na kuangukia uso wa nyota kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Pale inapotua panachomwa madoa ya moto. Ndiyo sababu nyota hizi hazitulii, mlo unakuja kwa mafungu.

#10 MzeeWaKilimia
Wanangu, mmeanzia katikati. Turudi nyuma kidogo.

Jamii ya nyota hizi inaitwa kwa jina la T Tauri, nyota ya kwenye kundinyota la Ng'ombe, si mbali na Kilimia. John Russell Hind aliigundua Oktoba 1852 alipokuwa akitafuta vitu vingine, akaona na wingu dogo limejibanza pembeni yake. Miaka kama kumi baadaye wingu likawa halionekani tena! Watu wenye darubini nzuri wakalitafuta wasilipate. Limerudi baadaye, na leo tunajua kuwa wingu halikwenda popote, mwanga uliokuwa unalimulika ndio ulizibwa. Mkumbuke hilo mtakapobishana: mara nyingi kwenye nyota hizi kinachobadilika si taa, ni pazia.

Mwaka 1945 Alfred Joy akazikusanya nyota 11 zenye tabia hizo, akazipa jina la T Tauri. RW Aurigae ni mmoja wa wale 11. Ubadilifu wake ulikuwa umegunduliwa mwanzoni mwa karne na mama mmoja wa Moscow, Lidiya Ceraski, aliyekuwa akikagua sahani za picha. Hata hivyo Joy mwenyewe hakuziita changa. Ni Viktor Ambartsumian, Muarmenia, aliyesimama mwaka 1947 akasema hizi zimezaliwa juzi kwa kipimo cha anga.

Mimi RW nimeifuata kwa darubini ya kioo cha milimita 150, miaka na miaka. Usiku mmoja niliona imeanguka magnitudi (kipimo cha mwangaza wa nyota) moja na nusu ndani ya saa mbili. Moyo ukaniruka, nikaandika kila kitu, nikaanza kupanga nani wa kumpigia. Kisha nikagundua kioo kimeshika umande. Nyota zote zilikuwa zimefubaa, mimi niliitazama moja tu.

#11 ShokaButu
Mzee 😂😂 umande umekula sayari.

#12 KijanaWaSpektra
Sasa nije kwenye hoja ya mleta mada. Asiyelala, umesahau kutaja kitu kikubwa: RW Aurigae ni nyota mbili. A na B. Wametengana sekunde ya tao (digrii ikigawanywa mara 3,600) moja na nusu tu, ndiyo maana darubini ndogo inawaona kitu kimoja. Inayofubaa ni A.

Mwaka 2006 timu iliyotumia redio-darubini za Ufaransa ilichapisha picha ya gesi ikionyesha mkono mrefu uliopinda unaotoka kwenye kisahani cha A, urefu wake kama mara 600 ya umbali wa Dunia na Jua. Maelezo yao: B alipita karibu, mvutano wake ukakichana kisahani cha A na kuvuta mkia. Ni kama mtu anayepita karibu na kitambaa kilichotandikwa kikamnasa kwenye kifungo.

Maelezo ya kwanza ya kififio cha 2010 yalitoka humo. Wakapima nyota ilichukua siku ngapi kuzama gizani, wakapata kwamba kinachoziba kinakwenda polepole, kilomita chache tu kwa sekunde. Kinachokwenda polepole kiko mbali na nyota. Kwa hiyo kipande cha ule mkia kimepita mbele ya A. Hakuna sayari iliyomezwa hapo.

#13 Asiyelala
Mkuu, na chuma je? Mkia unaleta chuma?

#14 Mvukuto
Swali la mgeni tena. Mzee ametaja magnitudi. Nyota ikianguka "magnitudi mbili", hiyo ni nusu ya mwanga?

#15 Jicho_la_Usiku
Mbili ni nusu kwa nusu, yaani inabaki robo.

#16 BintiFalaki
Hapana Jicho. Magnitudi 5 ni mara 100 kamili, kwa hiyo magnitudi moja ni mara 2.512, na mbili ni mara 6.3. Ikianguka magnitudi mbili inabakiza kama sehemu moja ya sita ya mwanga. Tena namba ikikua nyota inafifia, usije ukafurahi ukiona imetoka 10 ikawa 12.

#17 Jicho_la_Usiku
Sawa, nimesahihishwa. Huo mfumo aliutunga mtu aliyechukia watu.

#18 KijanaWaSpektra
Mfumo ni wa Wagiriki wa kale, nyota za daraja la kwanza, la pili, mpaka la sita. Hesabu ya mara 2.512 ilikuja karne ya 19 kuurasimisha. Lawama ziende kotekote.

#19 Fundi_Lenzi
Nasoma kimyakimya tangu mwanzo, lakini #12 siwezi kuiacha ipite.

Mkia ukipita mbali na nyota, vumbi lake ni baridi. Litaziba mwanga basi. Lakini wakati wa kififio kilichoanza 2014, waliopima mwanga wa infraredi, ule wa mawimbi marefu zaidi, walikuta kitu cha ajabu: kwenye mwanga wa kawaida nyota imefifia, kwenye infraredi IMEONGEZEKA. Hiyo maana yake kuna vumbi jipya lenye joto kama la nyuzi elfu moja. Vumbi la joto hilo haliko mbali, liko mlangoni kwa nyota.

Na spektra (mwanga wa nyota uliopasuliwa) ikaonyesha mistari ya upepo unaotoka kwenye nyota imekuwa na nguvu zaidi kipindi hicho hicho. Kwa hiyo kuna wanaosema, na mimi nipo upande wao: upepo wa kisahani umebeba vumbi ukalipandisha juu, likasimama kati yetu na nyota. A anatoa michirizi miwili ya gesi, mmoja huku mmoja kule, tena haiendi kasi sawa, mmoja ni karibu maradufu ya mwenzake. Nyumba yenye fujo hiyo haishindwi kupuliza vumbi.

#20 KijanaWaSpektra
Fundi, vififio viwili si lazima viwe na sababu moja. Cha 2010 kilikuwa kifupi, kina mwanzo na mwisho safi. Cha 2014 kilikuwa kirefu na kizito zaidi. Cha kwanza mkia, cha pili upepo, inawezekana.

#21 Fundi_Lenzi
Inawezekana. Ila nyota iliyokaa miongo bila tukio kubwa la namna hiyo, halafu inapatwa na mikosi miwili isiyohusiana ndani ya miaka minne? Mimi ningetafuta sababu moja kwanza.

#22 Asiyelala
Naona mnapigana wenyewe kwa wenyewe, chuma changu hamkigusi 😏

#23 BintiFalaki
Nakigusa sasa, nilikuahidi.

Chuma kipo, sikatai. Lakini wale wale waliokitangaza hawakusema "sayari" peke yake. Waliweka njia mbili. Ya kwanza ndiyo uliyoipenda: vitu viwili vikubwa vimegongana, angalau kimoja cha ukubwa wa sayari changa, vifusi vikaangukia nyota. Vumbi likaziba mwanga, chuma kikafika usoni kikaonekana kwenye eksirei. Njia ya pili: ndani ya kisahani kuna maeneo ambamo shinikizo la gesi linanasa chembe za vumbi zenye chuma, zinarundikana humo kama takataka kwenye kona ya mto. Kitu kikivuruga kisahani, kwa mfano huyo B akipita, ule mrundikano unaachiwa na wote unateremka kwa nyota. Hapo chuma umepata, na hakuna sayari iliyokufa.

Magazeti yaliipenda ya kwanza. Nani atasoma kichwa cha habari kisemacho "kona ya mto imezibuka"?

#24 ShokaButu
Mimi ningesoma.

#25 Asiyelala
Nakubali kuna njia mbili. Ila sijasikia mtu akisema yangu HAIWEZEKANI.

#26 BintiFalaki
Haiwezekani hakuna aliyesema. Shida ni kwamba kififio cha 2010, cha 2014 na cha 2017 vyote vinataka maelezo. Mgongano mmoja unatoa wingu moja linalotawanyika. Utagonganisha sayari ngapi ndani ya miaka saba?

#27 Asiyelala
Vifusi vikishatawanyika vinaendelea kugongana vyenyewe kwa vyenyewe. Mgongano mmoja unazaa mingine. Hiyo si miujiza.

#28 KijanaWaSpektra
Hapo amejibu vizuri jamani, tumpe haki yake.

#29 Jicho_la_Usiku
Kwani kisahani chenyewe kimekaaje? Kama tunakitazama ubavuni, kila nundu itakayopita itaziba nyota, hatuhitaji mkia wala upepo wala sayari.

#30 KijanaWaSpektra
Swali zuri sana. Kisahani cha A kimeinama kama digrii 60 hivi, si ubavu kamili. Kwa hiyo tunaichungulia nyota kwa juu ya ukingo, na vumbi likikaa kwenye mstari wake wa kawaida haliwezi kutuzibia. Lazima kitu kilinyanyue. Hapo ndipo wanapogawanyika: upepo ulinyanyue, au sehemu ya ndani ya kisahani iwe imepinda na kuinuka kuliko ya nje. Kupinda huko kunaweza kuletwa na B, au na sayari ambayo haijaliwa na mtu. (Asiyelala, umeona, sayari yako nimeirudisha ikiwa hai.)

#31 MzeeWaKilimia
Hilo la kupinda lina ndugu yake. AA Tauri. Ile nayo ni nyota changa kama hii, kisahani chake kina nundu karibu kabisa na nyota, na nundu inazunguka kila siku 8.2. Nyota inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, unaweza kuweka saa. Watu wameisoma mwaka baada ya mwaka, kile kilele cha mwangaza wake hakikuyumba tangu 1987 mpaka 2010. Mwaka 2011 ikaporomoka magnitudi 2 zaidi na haikurudi. Vumbi la mbali zaidi kwenye kisahani kile kile limeingia mbele, ndivyo walivyosema.

Sasa ona: mbili zilizo jirani angani, umri unaokaribiana, na zote mbili pazia zikashuka ndani ya mwaka mmoja hadi miwili.

#32 Fundi_Lenzi
Mzee, hiyo ya kushuka pamoja ni sadfa tu. Haziko kwenye nyumba moja.

#33 MzeeWaKilimia
Sijasema ni nyumba moja. Nimesema ona.

#34 Mvukuto
Mzee kwa jina lako naomba kuuliza, Kilimia nazo ni changa namna hii?

#35 MzeeWaKilimia
Ni vijana, si vichanga. Kilimia ina miaka milioni 100 na ushee. Zile unazoziona kwa macho ni nyota nzito za bluu, na nyota nzito inakua haraka, zilishafika safu kuu zamani. Lakini ndani ya kundi hilo hilo kuna nyota ndogo nyekundu usizoziona bila darubini, na hizo mpaka leo bado zinasinyaa, hazijafika. Wamezaliwa siku moja, wakubwa wameshamaliza safari na wadogo wako njiani.

#36 ShokaButu
Swali langu mimi ni la haki. RW iko umbali wa miaka nuru 450 au 500 na kitu, si ndiyo? Basi sayari ya Asiyelala ililiwa zamani, hata darubini haijavumbuliwa. Tunafanya matanga ya marehemu asiyejulikana kama alizaliwa.

#37 Asiyelala
Na wewe umehudhuria.

#38 Jicho_la_Usiku
Kuna nadharia nyingine niliyoisoma, naitupia hapa bila kuitetea. Wanasema eneo la ndani la kisahani lina sehemu "iliyokufa", gesi haipiti vizuri, vumbi linajikusanya humo. Siku sehemu hiyo ikiamka, vumbi linakuja kwanza, nyota inafubaa. Gesi nyingi inakuja nyuma yake. Ikifika, nyota INALIPUKA kwa mwangaza badala ya kufifia. Kwa hiyo vififio vya RW vinaweza kuwa ni hodi tu.

#39 Kigoda
Hapa nimesogeza kiti mbele.

#40 KijanaWaSpektra
Mlipuko wa namna hiyo una mfano. FU Orionis, kwenye kundinyota la Jabari. Mwishoni mwa 1936 na mwanzoni mwa 1937 ilipanda kutoka magnitudi 16 mpaka kama 10 ndani ya miezi. Zaidi ya mara mia. Na hadi leo haijashuka sana! Kisahani kilianza kumwaga gesi juu ya nyota kwa wingi kiasi kwamba kisahani chenyewe kinang'aa kuliko nyota. Nyingine ni V1057 Cygni, ilipanda 1969, hiyo imeshafifia sana.

Lakini RW tayari ni mlaji mkubwa. Si mtoto aliyekuwa amelala halafu aamke. Sijui kama inafaa kwenye kiatu hicho.

#41 Fundi_Lenzi
Jicho, kama ni hodi, mwenye nyumba anachukua muda kufungua. Kumbuka 2010.

#42 Jicho_la_Usiku
Nimesema siitetei.

#43 BintiFalaki
Kuna kitu kipya kwenye hoja ya B ambacho hakijatajwa. ALMA, zile redio-darubini za jangwa la Atacama kule Chile, zimeuangalia mfumo huu kwa undani, na picha ya 2018 haikuonyesha mkia mmoja. Ni mikia kadhaa. Maana yake B hakupita mara moja akaenda zake. Amezunguka, amerudi, kila akirudi anachana kitu. Kama ni hivyo, kisahani cha A hakijawahi kupata nafasi ya kutulia, na Fundi (#21) anayetaka sababu moja huenda anayo: fujo za B zinazaa mkia, zinazaa kupinda, zinaachia vumbi lenye chuma.

#44 Fundi_Lenzi
Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoiogopa. Sababu inayoeleza kila kitu haikatazi kitu chochote. Niambie fujo za B ZINGEKATAA nini kionekane?

#45 BintiFalaki
...nakuja.

#46 ShokaButu
Aisee. BintiFalaki kanyamaza. Mwaka uandikwe.

#47 Mvukuto
Wakuu mmenifungua macho. Mtu wa kawaida anaweza kuiona hii nyota? Nina darubini ya milimita 80.

#48 MzeeWaKilimia
Unaweza, ikiwa haijafubaa sana. Siku zake nzuri ni magnitudi 10 na kitu, milimita 80 kwenye anga lenye giza itaifikia. Ikianguka hadi 12 utaikosa.

Njia: tafuta Elnath, ile pembe ya Ng'ombe inayogusana na Hudhi. Kisha tafuta nyota Iota ya Hudhi. Chora mstari kati yao. Anzia Iota, nenda kama theluthi ya njia, kisha toka kwenye mstari digrii moja hivi upande wa kusini. Ramani utaipata kwa AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota badilifu. Wako tangu 1911 na wanapokea makadirio ya mtu yeyote. Ramani zao zina nyota za kulinganishia zenye magnitudi zilizoandikwa. Usiikadirie kwa kumbukumbu, ilinganishe na moja yenye mwanga zaidi na moja yenye mwanga pungufu, uone imekaa wapi kati yao.

Usidharau milimita 80. Januari 2004 Jay McNeil, mpenzi tu wa nyota kule Marekani, alikuwa na lenzi ya milimita 76. Akapiga picha ya eneo moja la Jabari, akakuta wingu ambalo halikuwepo kwenye picha za zamani. Ilikuwa nyota changa iliyolipuka na kulimulika wingu lake, leo linaitwa kwa jina lake. Wenye vioo vya mita nane walikuwa hawajaliona.

#49 Jicho_la_Usiku
Na futa umande.

#50 MzeeWaKilimia
Na futa umande. Asante kwa kunikumbusha mbele ya watu.

#51 BintiFalaki
Nimerudi. Fundi #44: kama kila kitu kinatoka kwa B, basi nyota changa zilizo peke yake, zisizo na mwenzi wa karibu, zisionyeshe vififio virefu vya aina hii. AA Tauri ya Mzee (#31) haina B wa kuipitia hivyo, na imefifia miaka. Kwa hiyo hoja yangu imejikwaa kwenye mfano wa Mzee.

#52 Fundi_Lenzi
Au vififio viwili vinafanana sura tu, sababu mbalimbali.

#53 BintiFalaki
Ulikataa hilo hilo kwenye #21 😂

#54 Fundi_Lenzi
Nilikuwa mchanga. Sasa nimesinyaa.

#55 Asiyelala
Kwa hiyo tukihesabu: mkia wa B, upepo wenye vumbi, kisahani kilichopinda, mrundikano wa chuma ulioachiwa, hodi ya mlipuko, na sayari yangu. Sita. Na hakuna hata moja iliyotolewa nje ya chumba. Sijashindwa.

#56 KijanaWaSpektra
Hujashindwa. Umeambiwa usubiri foleni.

#57 Mvukuto
Nimejaribu usiku wa jana. Nadhani nimeiona. Kuna nyota mbili ndogo karibu na pale ramani inaposema, moja wapo ndiyo. Nimeikadiria 10.6 lakini nilibadili mawazo mara tatu.

#58 MzeeWaKilimia
Ile ya pili kwenye ramani imeandikwa ngapi?

#59 Mvukuto
Sikuangalia.

#60 MzeeWaKilimia
Rudi leo.